Kuacha kazi ya kudumu na kuingia kampuni changa: faida yake hasa ni ipi?

Binti wa Mpakani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba mawazo yenu katika jambo ambalo limeninyima usingizi kwa wiki mbili. Mimi ni mzaliwa wa Busia, upande wa Uganda, nilisomea biashara pale Nakawa, na kwa miaka miwili sasa nimeajiriwa kama karani wa hesabu katika kampuni kubwa ya bima hapa Kampala. Mshahara wangu ni shilingi 1,400,000 kwa mwezi kabla ya makato, unaingia benki tarehe 26 bila kukosa, na matibabu nalipiwa. Kazi yenyewe ni moja tu: hati za madai zinaletwa mezani kwangu kutoka idara nyingine, nazilinganisha na orodha, nazigonga muhuri, kisha nazipeleka ghorofa ya juu. Kinachotendeka huko juu sikijui. Juzi mjomba aliniomba nimwandalie hesabu za mwaka za duka lake, nami niliyehitimu kwa alama nzuri nikajikuta natafuta udhuru.

Mwezi uliopita nilifanyiwa usaili na kampuni changa yenye ofisi Ntinda, na wamenikubali. Wako watu 11. Wanatengeneza programu ya kusimamia maghala ya mahindi, ili mwenye ghala, mkulima na mwenye lori wote waone kwenye simu ni magunia mangapi yameingia, mangapi yametoka, na nani anamdai nani. Nitakuwa mhasibu wao wa kwanza. Mshahara ni 1,100,000, pamoja na kile walichokiita "nusu asilimia ya kampuni", ambacho sikukielewa vizuri na niliona haya kuuliza.

Baba yangu, aliyefanya kazi ya forodha mpakani hadi kustaafu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba mtu hahami nyumba iliyoezekwa akaenda kulala kwenye msingi. Siwezi kusema amekosea. Ninachoomba kwenu ni mnieleze faida za kufanya kazi mahali kama pale kwa jinsi mlivyoziona wenyewe, nje ya maneno matamu ya matangazo ya kazi, na mwenye kujua hasara zake asinifiche.

Fundi wa Bukoto alijibu:

Dada, mimi ningekwenda. Natengeneza programu, nami niko katika kampuni changa ya pili sasa. Katika ya kwanza, mwezi wangu wa tatu tu, nilitumwa peke yangu kwenda kuonyesha kazi yetu kwa chama cha ushirika cha wafugaji kule Mbarara, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kutumwa. Nilitetemeka, lakini niliporudi nilikuwa najua mambo mawili kuhusu programu yetu ambayo hata waanzilishi hawakuyajua, mojawapo likiwa kwamba herufi zake zilikuwa ndogo mno kwa mzee anayeisoma juani.

Watu wanaziona kofia za rangi ya chungwa za SafeBoda, kampuni ya kuita boda kwa simu, barabarani na kusahau kwamba nayo ilianza hapahapa Kampala mwaka 2014 ikiwa kitu kidogo, na kwamba mmoja wa waanzilishi wake, Ricky Rapa Thomson, alikuwa amewahi kuendesha boda yeye mwenyewe. Kumfundisha mwendesha boda kufuata ramani ya simu, au kumzoesha abiria kuijua nauli kabla hajapanda, ni kazi ambayo wakati ule haikuwa na chuo wala mwalimu, hivyo aliyeifanya ndiye aliyekuwa akiiandika. Mahali pa namna hiyo hapana anayekwambia "hilo si la idara yako", maana idara zenyewe hazijazaliwa.

Mhasibu wa Arua alijibu:

Dada yangu, nami ni mhasibu, kwa hiyo nitayasema yanayohusu kalamu yetu na kuwaachia wengine yaliyobaki.

Niliingia kampuni changa mwaka 2017 nikitokea ofisi kubwa kama hiyo yako. Tulikuwa Arua tukiuza mitambo midogo ya umeme wa jua kwa mkopo: mteja wa Koboko au Yumbe anachukua betri, taa tatu na redio, halafu analipa shilingi 10,000 kila wiki kwa simu, na akichelewa mtambo unajifunga hadi alipe. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu. Mimi nilikaa katikati, kulia kwangu mtu wa programu, kushoto dada aliyepokea simu za wateja.

Jumatatu ya tarehe 2 Julai 2018 nilifika kazini saa mbili kasorobo nikakuta simu zote mbili za ofisi zinalia. Wateja walikuwa wamelipa na taa hazikuwaka. Siku iliyotangulia serikali ilikuwa imeanza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya fedha za simu (kodi hiyo ilipunguzwa baadaye mwaka uleule ikawa asilimia 0.5 na kubakia kwa fedha zinazotolewa tu), na mteja aliyetuma 10,000 kama alivyozoea, kwetu zilifika 9,900. Programu yetu ilikuwa inaitambua 10,000 kamili na si pungufu, basi ikaona deni la shilingi 100 na kufunga mtambo. Mama mmoja wa Maracha aliniambia kwa upole, jambo lililoniuma kuliko angenitukana, kwamba watoto walikuwa wamesoma kwa mwanga wa moto usiku ule ilhali ujumbe wa malipo alikuwa nao mkononi.

Nikachukua karatasi. Tulikuwa na wateja 2,300 wanaolipa kila wiki, na shilingi 100 kwa kila mmoja ni 230,000 kwa wiki, ambazo kwa wiki nne ni 920,000, kiasi kilichozidi mshahara wangu. Tukampigia mkurugenzi aliyekuwa njiani karibu na Nebbi, naye akauliza swali moja: "Mhasibu anasemaje?" Nilikuwa na miaka 25 na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema tuipokee 9,900 kama malipo kamili, zile 100 tuziingize kwenye gharama za ukusanyaji kwa mwezi huo, kisha tukae tuamue kama bei ipande. Kabla ya adhuhuri mtu wa programu alikuwa ameshabadilisha mpangilio, taa zikawaka, nami nikafungua leja mpya ambayo nilijua nitaulizwa juu yake na mkaguzi mwisho wa mwaka. Na kweli niliulizwa.

Kule nilikotoka, kodi mpya ilikuwa inafika mezani kwangu kama waraka wenye sahihi tatu, na kazi yangu ilikuwa kuufuata. Katika kampuni changa unauona mnyororo mzima, kuanzia mteja anayebonyeza simu yake hadi tarakimu kwenye mizania, na unaona kwa nini tarakimu ile iko pale. Kwa miaka minne niliandaa mishahara, makato ya PAYE (kodi ya mshahara) na ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ritani za URA, yaani taarifa za kodi kwa mamlaka ya mapato, bajeti, na taarifa za kupelekwa kwa wawekezaji. Nilipoomba kazi mahali pengine baadaye, wenzangu kwenye usaili walikuwa na miaka mingi kunizidi, lakini walipoulizwa wangefanya nini kodi ikibadilika usiku mmoja walitaja sera na taratibu. Mimi niliwaeleza habari ya Jumatatu ile.

Sasa upande wa pili, maana umesema usifichwe. Mwaka wa kwanza sikwenda likizo hata siku moja kwa sababu hakukuwa na wa kunishikia kalamu. Tena hakuwapo wa kunisahihisha. Niliwahi kuchelewesha ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo hutakiwa kufika kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata, tukalipa adhabu, na kosa lilikuwa langu peke yangu. Mhasibu wa kwanza wa kampuni hana mwalimu ndani ya nyumba, hivyo mtafute nje. Kama bado hujaanza mitihani ya CPA, ile ya uhasibu wa kitaaluma, ianze, kwa sababu yale utakayoyafanya mchana utahitaji kuyasoma usiku ili ujue kama uliyafanya sawasawa.

Kapu Tupu alijibu:

Nimeyasoma ya wenzangu na siyapingi, ila mimi nilikuwa ndani ya nyumba paa lilipoanguka.

Kuanzia 2019 nilifanya kazi katika kampuni changa ya kupeleka vyakula majumbani hapa Kampala. Jina lake nitaliacha. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kwelikweli. Tulikuwa tunakula rolexi (chapati iliyokunjiwa mayai) pamoja kwenye ngazi za jengo, mkurugenzi akiwa miongoni mwetu na mafuta yakimtiririka mkononi, na mawazo mazuri kuliko yote yalizaliwa pale ngazini. Januari 2021 ukafika wakati wa uchaguzi, na intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kama tano. Kampuni yenye akiba hupata hasara na kuendelea. Sisi tulikuwa tunaishi kwa oda za kila siku, na oda zikawa sifuri, huku mboga zikitunyaukia stoo na waendesha boda wakitutazama. Machi tulilipwa nusu mshahara, Aprili hatukulipwa, na siku moja ya Mei nilifika nikakuta mwenye jengo amebadilisha kufuli. Koti langu la mvua lilibaki ndani.

Kwa hiyo, dada, swali ambalo hupaswi kuona haya kuliuliza ni hili: fedha zilizopo benki leo, bila kuhesabu ahadi za wawekezaji, zinatosha kulipa mishahara kwa miezi mingapi? Wewe ni mhasibu, unaomba kazi ya kuzitunza fedha hizohizo, na anayekasirika kwa swali hilo amekwisha kukujibu. Pia weka akiba ya miezi mitatu kabla hujaondoka ulipo. Mshahara mdogo mtu anaweza kuupangia. Usiojulikana utaingia tarehe ngapi haupangiki.

Jihadhari na neno "familia" vilevile. Kila nilipoambiwa kwamba sisi hapa ni familia ilikuwa saa moja jioni na kazi haijaisha.

Pamoja na hayo yote nitakiri kwamba leo ninasimamia usambazaji katika kampuni ya vinywaji, na kilichoniingiza humo ni kwamba nilijua kwa majina na kwa tabia waendesha boda zaidi ya 40, nilijua ni saa ngapi daraja lipi huziba, na niliwahi kupanga safari zao kwa mkono, kwa kalamu ya risasi, siku ambayo mtambo wetu uligoma. Mishahara ninayodai sijaipata hadi leo. Vyote viwili ni kweli.

Mshauri wa Ajira alijibu:

Binti, mimi ni afisa wa rasilimali watu wa siku nyingi, na ninaona wengi wamekueleza roho ya jambo hili, hivyo nitazungumzia karatasi. Kampuni kuwa changa hakuiondolei wajibu wa kisheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haina mlango wa nyuma kwa ajili ya kampuni zinazoanza: unastahili masharti ya kazi yaliyoandikwa, kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita (kinaweza kuongezwa miezi mingine sita kwa ridhaa yako tu), na likizo yenye malipo ya siku saba kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Likizo aliyoikosa Mhasibu wa Arua ilikuwa haki yake, hata kama nafahamu kwa nini hakuichukua.

Kuhusu NSSF, mwajiri huchangia asilimia 10 ya mshahara wako na wewe hukatwa asilimia 5. Zamani kampuni zenye wafanyakazi wachache kuliko watano hazikulazimishwa, na baadhi ya waanzilishi bado wanaikumbuka sheria ile ya zamani kwa sababu inawafaa, lakini marekebisho ya mwaka 2022 yaliwaingiza waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Kwa mshahara wa 1,100,000 mchango wa mwajiri ni 110,000 kila mwezi. Omba kuona kwamba kampuni imesajiliwa na kwamba michango inapelekwa, usiridhike na kuambiwa tu kwamba inakatwa. Nimekutana na wafanyakazi waliokatwa miaka miwili na fedha zisifike kokote.

Sasa hiyo nusu asilimia. Uliza kwanza kama ni hisa unazopewa, au ni haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyopangwa leo, kwa sababu hivyo ni vitu viwili. Kisha uliza zinakuwa zako lini. Mtindo uliozoeleka ni kuzigawa katika miaka minne na kutopata chochote kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa hiyo ukiondoka mwezi wa kumi na moja unaondoka na barua ya shukrani. Tatu, fahamu kwamba sehemu hiyo hupungua. Chukua mfano kampuni ina hisa 100,000 na wewe unazo 500, ambazo ni nusu asilimia. Akija mwekezaji akatolewa hisa mpya 25,000, zako zitabaki zilezile 500, ila sasa ni kati ya 125,000, nazo ni asilimia 0.4. Kampuni ikiwa imekua huenda bado umefaidika, kwa kuwa sehemu ndogo ya kitu kikubwa yaweza kuizidi sehemu kubwa ya kitu kidogo, lakini usishangazwe na hesabu hiyo ikija.

Hisa hizo hazilipi kodi ya nyumba. Zinakuwa fedha siku kampuni inapouzwa au inapogawa faida, na siku hiyo huja kwa wachache. Ilikuja kwa Fenix International, iliyouza mitambo ya jua hapa nchini kwa malipo ya simu kama ile ya ndugu wa Arua, ambayo kampuni ya nishati ENGIE ya Ufaransa iliinunua. Kampuni nyingi hazifiki huko. Ushauri wangu ni kwamba ukubali mshahara ambao ungeukubali hata kama hisa hizo zingekuwa hazipo, na uziandikishe kwa maandishi yenye sahihi hata hivyo. Tena usisahau kuhesabu bima ya matibabu unayoiacha. Katika tofauti ya 300,000 hiyo haimo.

Binti wa Mpakani aliuliza tena:

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Nina swali dogo kwa Mhasibu wa Arua: ikiwa kampuni itafungwa baada ya mwaka mmoja tu, je, mwaka huo utahesabika mbele ya mwajiri mwingine, au nitaonekana mtu wa kurukaruka?

Mhasibu wa Arua alijibu:

Nikiwa upande wa kuajiri, kampuni kufungwa hakunisumbui. Namwambia mwombaji anieleze hesabu alizozikuta siku ya kwanza na alizoziacha siku ya mwisho. Aliyefanya kazi atazungumza dakika ishirini bila karatasi. Kwa hiyo kila mwezi uandike katika daftari lako binafsi ulichokibadilisha, bila kunakili siri za kampuni. Mimi sikufanya hivyo mwaka wa kwanza, na leo nimesahau mengi ambayo nilihangaika kuyajua.

Binti wa Mpakani alirejea baada ya siku tisa:

Nimerudi kuwapa habari, kwa kuwa naona si adabu kuchukua ushauri na kunyamaza.

Nilikwenda Ntinda na maswali yangu yameandikwa kwenye karatasi. Nilipouliza la fedha za benki, waanzilishi wawili walitazamana, kisha mmoja akageuza kompyuta yake akanionyesha: miezi tisa kwa matumizi ya sasa, na kumi na moja wakichelewesha kununua gari. Kuhusu NSSF, wamesajiliwa, ila michango ya miezi miwili ilikuwa haijapelekwa. Walikiri bila kuzungukazunguka kwamba hakuna mtu aliyekuwa na kazi hiyo, na kwamba mtu huyo wanategemea niwe mimi. Niliwaambia kwamba sitaanza kabla ya michango hiyo kulipwa, na Ijumaa walinitumia uthibitisho wa malipo. Hisa ni hisa kweli, za miaka minne, na sasa zimo kwenye mkataba. Mshahara umefika 1,250,000. Bima ya matibabu hawana, hivyo nitajilipia mwenyewe, na hilo ndilo linalonikera mpaka sasa.

Waliponitembeza nikaona ghala la mfano walilolichora ukutani kwa kalamu za rangi, na pembeni pana daftari la karatasi lenye majina ya madereva wa malori wanaopita Busia na Malaba. Maandishi ya majina mengine yalikuwa yamekosewa. Nikawasahihishia matatu papo hapo, kwa kuwa hao ni watu wa kwetu.

Jumatatu ninapeleka barua ya kuacha kazi. Kwa kuwa nimetimiza miaka miwili, notisi ninayopaswa kutoa ni ya mwezi mmoja, na akiba ya miezi mitatu alivyoniagiza Kapu Tupu bado nina upungufu wa mwezi mmoja, nitakaoujaza kwa mshahara huu wa mwisho. Baba hajasema ndiyo wala hapana. Jana alipiga simu kuniuliza habari za mafua yangu, na alipokuwa anaaga akauliza kama hao watu wa Ntinda wanajua kwamba gunia la mahindi la Busia halina uzito mmoja na la Masindi.